Moto Huu Tunamkokea Nani?



Majilio yameingia tena, na baridi imeingia pamoja nayo. Saa kumi jioni giza limekwisha kutanda, jalidi imeshika vioo vya magari, na sisi tuliozaliwa katika nchi za jua tumekwisha kutoa masweta yetu yote sandukuni. Haya ndiyo majira ambayo watu wa Uingereza hupenda kuzungumza habari za moto, na mwaka huu mazungumzo hayo yamefika hata kwetu tunaosali kwa Kiswahili katika mtaa huu. Jamaa kadhaa wanakaa katika nyumba za zamani. Wamegonga ukuta wa sebule, wakasikia mlio wa utupu, wakatambua kwamba nyuma ya ubao uliopakwa rangi kuna meko yaliyozibwa. Sasa wanauliza: Je, tuyafungue? Nyumba ina joto la mabomba tayari. Kuwasha moto wa kuni juu ya hilo ni hekima, au ni anasa tu?

Tumeona yafaa kulijibu swali hili, maana ni swali la nyumbani, na imani yetu hupimwa nyumbani kabla haijapimwa kanisani. Masomo yetu ni Yeremia 36, mstari wa 22 na wa 23. Yohana 18, mstari wa 18. Na Yohana 21, mstari wa 9. Mwenye Biblia na aiweke karibu, tutayafikia.

JINSI MEKO YALIVYOZIBWA

Hapo zamani nyumba za nchi hii zilijengwa kuuzunguka moto. Nyumba kubwa ya wakati wa Malkia Victoria ilikuwa na meko karibu katika kila chumba, hata vyumba vya kulala. Ukisimama barabarani ukatazama juu ya paa, waweza kuhesabu vyungu vya dohani, yaani vile vya udongo vinavyotoa moshi, ukakisia ndani mna meko mangapi. Serikali nayo iliwahi kuyahesabu. Tangu mwaka 1662 hata 1689 watu wa England na Wales walitozwa kodi ya meko, shilingi 2 kwa kila meko kwa mwaka. Nusu ililipwa siku ya Kupashwa Habari Mariamu, tarehe 25 Machi, na nusu siku ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba.

Mambo mawili ndiyo yaliyoyaziba. La kwanza ni moshi. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba, mwaka 1952, hewa ya London ilitulia bila upepo, na moshi wa makaa ya mawe kutoka majumbani na katika mitambo ya umeme ukakosa njia ya kupanda. Mchana ukawa kama usiku. Wazee na watoto wachanga walishindwa kupumua. Hesabu ya wakati ule ilisema walikufa watu kama 4,000, na wataalamu wa baadaye wamekadiria kwamba huenda walifika 12,000. Mwaka 1956 Bunge likapitisha Sheria ya Hewa Safi, na halmashauri za miji zikapewa uwezo wa kutangaza maeneo ambamo moshi wa dohani umekatazwa.

La pili ni gesi. Ilipogunduliwa gesi asilia chini ya Bahari ya Kaskazini, mafundi walipita nyumba kwa nyumba kati ya mwaka 1967 na 1977 wakivibadilisha vyombo vya watu vipate kuitumia. Boila moja, jikoni au kabatini, ikaweza kuchemsha maji na kuyasukuma kwa mabomba mpaka kwenye rediata, yale masanduku bapa ya chuma yaliyoshikizwa ukutani katika kila chumba. Basi watu wakachukua ubao, wakapigilia misumari juu ya meko, wakaweka televisheni mbele yake.

Wala tusiwacheke. Mama aliyeamka alfajiri kuzoa jivu la jana, akabeba ndoo ya makaa ya mawe kutoka ghalani, akapuliza mpaka macho yakamtoka machozi, alikuwa na haki ya kumshukuru Mungu siku alipobonyeza swichi tu na nyumba ikapata joto. Nasi tunashukuru. Joto la mabomba humfikia mgonjwa kitandani na mtoto anayesoma orofani. Halitaki kuni, halitoi jivu, wala halimwamshi mtu usiku.

Lakini liko jambo lililopotea, na ndilo hilo linalowafanya watu wagonge kuta. Moto ulikuwa mmoja, na mwenye kuhisi baridi ilimpasa aje ulipo. Rediata ni nyingi, na kila mtu ana yake. Warumi wa kale waliyaita meko kwa Kilatini focus, na neno hilo ndilo wataalamu wa mwanga walilolichukua baadaye kutaja mahali miali inapokutana. Sisi hatuna haja ya Kilatini kulifahamu jambo hili. Tulilelewa tukiambiwa kwamba figa moja haliinjiki chungu, na wengi wetu tulijifunza hadithi, adabu na hata sala zetu za kwanza tukiwa tumekaa kuyazunguka mafiga matatu.

Tazameni sasa nyumba zetu za huku saa mbili usiku. Baba yuko chumba hiki na simu yake, kijana chumba kile na yake, mama jikoni, bibi orofani peke yake. Vyumba vyote vina joto, kwa hiyo hakuna anayelazimika kutoka chumbani mwake. Sala ya jamaa ya jioni imekufa katika nyumba nyingi, na si kwamba mtu aliikataa. Imekufa kwa sababu hakuna saa wala mahali ambapo watu wa nyumba moja hukutana. Basi anayetaka kuyafungua meko ili jamaa yake wapate kukusanyika tena, hatumkatazi. Twamwambia tu: ifahamu kazi hiyo kabla hujaishika nyundo.

KAZI YENYEWE

Kazi hii haianzi na ukuta, inaanza na jirani. Ulizeni kwanza katika halmashauri ya mji wenu kama nyumba imo katika eneo la kuzuia moshi. Ikiwa imo, haifai kuchoma kuni katika meko ya wazi. Mtatumia fueli iliyoidhinishwa isiyotoa moshi, au mtaweka jiko la chuma lenye mlango lililopewa ruhusa. Katika England mwenye kuvunja sheria hiyo aweza kutozwa kati ya paundi 175 na 300. Tena, tangu tarehe 1 Mei 2021 kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo katika England sharti ziwe kavu, unyevu wake usizidi asilimia 20. Na makaa ya mawe ya kawaida ya nyumbani hayauzwi tena kwa mifuko tangu siku hiyo, wala kwa namna yoyote tangu tarehe 1 Mei 2023. Nyumba ikiwa katika orodha ya majengo ya kale yanayolindwa, ombeni kibali. Ikiwa ni ya kupanga, mwenye nyumba aulizwe. Msione haya kuwa ni ya serikali tu. Moshi wa kwetu hauna mpaka, nao huingia kifuani mwa mtoto wa jirani mwenye pumu kabla hatujaketi kuuota moto wetu. Amri ya kumpenda jirani inahusu hata dohani.

Baada ya hayo, ukuta. Ikiwa mbele ya meko kuna hita ya gesi, aiondoe fundi wa gesi aliyesajiliwa, wala si sisi wenyewe. Achunguze pia kama nyuma yake kuna boila ya zamani iliyoachwa ndani ya ukuta. Boila ya namna hiyo ikiwa imezibwa huku maji yamebaki ndani, kisha moto ukawashwa mbele yake, mvuke hukosa pa kutokea na chuma hupasuka kama bomu. Watu wamekufa kwa jambo hilo. Kitu kilichofichwa ukutani na kusahauliwa hakikosi nguvu kwa sababu kimesahauliwa.

Halafu aitwe mfagia dohani. Dohani iliyolala miaka 40 haikosi masizi, vipande vya matofali, na viota vya ndege walioona pahali pazuri pa kulea makinda. Akiisha kuifagia, ijaribiwe kwa moshi ionekane kama ina ufa unaovujisha moshi katika vyumba vya juu. Na baadaye ifagiwe angalau mara moja kila mwaka, maana masizi yenyewe huweza kushika moto.

Tunapomtaja mfagia dohani, yatupasa kukumbuka jambo moja. Kwa miaka mingi waliozifagia dohani za nchi hii walikuwa watoto. Wavulana wadogo, wengine hawajatimiza miaka 10, walipandishwa ndani ya bomba jembamba, wakipanda kwa magoti na viwiko, wakikwangua masizi yaliyowaangukia usoni. Wengine walikwama wakafa humo. Bunge lilitunga sheria mwaka 1788, tena 1834, tena 1840, tena 1864, na watu wakaendelea kama kwamba hakuna sheria. Mwaka 1875 mvulana aitwaye George Brewster alikwama katika dohani ya hospitali moja karibu na Cambridge, akafa. Lord Shaftesbury, Mkristo wa Kanisa letu la Anglikana aliyewatetea watoto hao muda mrefu, akalipeleka tena shauri Bungeni, na mwaka uleule ikapita sheria iliyowalazimisha wafagiaji wote kupata leseni ya polisi. Hapo ndipo desturi ile ilipokoma. Fikirini, ndugu: waliokaa sebuleni wakiota moto walikuwa Wakristo, na wengi wao walisali mbele ya moto huohuo. Hawakumwona mtoto, kwa kuwa mtoto alikuwa ndani ya ukuta.

Turudi kwenye meko. Fundi atalitazama tofali kubwa la udongo wa kuchoma lililo nyuma ya moto. Likiwa limepasuka atalibadilisha. Atatazama sakafu ya jiwe iliyo mbele, iwe pana ya kutosha, cheche zisiangukie zulia. Atalitazama koo la dohani, yaani ile njia nyembamba iliyo juu ya moto. Mwaka 1796 mtaalamu mmoja, Benjamin Thompson, aliyejulikana kwa cheo chake kama Count Rumford, aliandika kwamba meko ya Waingereza yalikuwa na kina kirefu mno na koo pana mno. Alifundisha kuyapunguza kina, kuzielekeza kuta za pembeni upande wa chumbani ili zirudishe joto kwa watu, na kulibana koo ili moshi upande upesi. Meko mengi yaliyojengwa baadaye yalifuata mafundisho yake.

Mwisho ni hewa, na hapa twawaomba sana msikilize. Moto hula hewa. Nyumba za siku hizi zimezibwa vizuri, madirisha yana vioo viwili, milango ina mipira, na moto uliokosa hewa hutoa sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi. Sisi tunaijua sana sumu hii, hata kama hatukuijua kwa jina. Ni nani kati yetu ambaye hajapata kusikia habari za jamaa waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, wasiamke asubuhi? Basi kuwe na tundu la kuingiza hewa lisilozibwa kwa matambara, na king'ora cha sumu hiyo kiwepo chumbani na kijaribiwe. Anayesema Mungu atatulinda, naye hataki kutia betri katika king'ora, anamjaribu Mungu.

UKWELI JUU YA JOTO

Sasa tuseme ukweli ambao wauzaji wa vyuma vya meko hawausemi kwa sauti. Meko ya wazi hayaipashi nyumba joto vizuri. Sehemu kubwa ya joto la kuni, zaidi ya nusu, hupanda na moshi ikaenda mawinguni. Tena dohani iliyo wazi huvuta hewa ya chumbani mchana na usiku, hata moto ukiwa umezimika, na hewa hiyo ndiyo ileile ambayo boila imekwisha kuipasha kwa gesi tuliyoilipia. Anayeyafungua meko ili apunguze gharama atavunjika moyo. Jiko la chuma lenye mlango hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Meko ya wazi ni ya kukusanya watu tu.

Lakini katika nyumba yenye joto la mabomba kuna hila moja kubwa kuliko hiyo, nayo ndiyo kiini cha mafundisho yetu ya leo. Katika nyumba nyingi boila huongozwa na kifaa kidogo kilichobandikwa ukutani, kiitwacho kidhibiti joto. Kifaa hiki hupima joto la pale kilipo. Pale pakiwa na baridi, huiamuru boila iwake. Pakipata joto la kutosha, huiamuru izime. Mara nyingi kimebandikwa sebuleni.

Haya, jamaa wamewasha moto wao mzuri. Kuni zinalia, watoto wamekaa chini, kahawa imeletwa, na sebule imepata joto. Kidhibiti joto kinapima, kinaona hali ni njema, kinaizima boila. Kinatoa habari ya kweli, ila ni habari ya chumba kimoja tu. Rediata za orofani zinapoa polepole. Na huko orofani amelala bibi, aliyeletwa kutoka nyumbani kuja kuwalea wajukuu, na huyo hana desturi ya kulalamika. Anajifunika kanga juu ya blanketi. Kadiri wa sebuleni wanavyozidi kuchochea moto, ndivyo wa orofani anavyozidi kupata baridi. Hakuna aliyemchukia. Hakuna aliyekusudia. Kila mtu pale chini akiulizwa atasema kwa moyo safi, Nyumba ina joto.

Ndugu, hiyo ni habari ya mafundi, na kila fundi mwema atawaambia kwamba kifaa hicho kihamishiwe ukumbini au mahali pengine ambapo joto la moto halikifikii. Lakini ni habari ya roho zetu pia. Sisi nasi tuna kidhibiti joto moyoni, na mara nyingi kimebandikwa hapohapo tulipokaa. Tukishiba, twadhani mtaa umeshiba. Tukipata kazi, twashangaa wengine wanalia nini. Tukiwa na karatasi za kukaa nchini, twasahau usiku ule tulipokuwa hatuna. Yakobo katika waraka wake, sura ya 2, aliwakemea Wakristo wa namna hii: wanamwona ndugu hana nguo wala chakula, wanamtakia heri, wanamwambia aende akapate joto, wala hawampi kitu.

MIOTO MITATU

Maandiko yanatuonyesha mioto mitatu ya siku za baridi.

Wa kwanza ni wa mfalme. Yehoyakimu alikuwa ameketi katika nyumba yake ya majira ya baridi, mwezi wa tisa wa Kiyahudi, ambao huangukia karibu na siku hizi zetu za Majilio, na moto unawaka mbele yake. Akasomewa gombo la maneno ya Yeremia. Kila zilipokwisha kusomwa kurasa tatu au nne, mfalme alizikata kwa kijisu akazitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Wako waliomsihi asifanye hivyo, hakusikia. Nje, nchi ilikuwa katika hatari, na onyo lilikuwa mkononi mwake. Lakini pale alipoketi palikuwa na joto, naye akapima taifa zima kwa chumba chake.

Wa pili ni wa watumishi katika ua wa Kuhani Mkuu. Usiku ulikuwa wa baridi, wakawasha makaa, na Petro akasimama pamoja nao akiota moto. Ndani, Bwana wake alikuwa anahojiwa amefungwa. Petro hakuwa mtu mbaya. Alitaka joto kidogo tu, na joto lile lilikuwa pamoja na watu ambao kwao ilimpasa anyamaze. Mara tatu akaulizwa, mara tatu akakana, na mikono yake ilikuwa imepata joto.

Wa tatu ni wa ufukweni, alfajiri, baada ya Kufufuka. Wanafunzi wamevua usiku kucha, wameloa, wamechoka. Wanapofika nchi kavu wanakuta moto wa makaa umekwisha kuwashwa, na samaki juu yake, na mkate. Neno la Kigiriki alilolitumia Yohana hapo, anthrakia, maana yake moto wa makaa, na katika Agano Jipya lote neno hilo limo mahali pawili tu: katika ua ule Petro alipokana, na hapa ufukweni Petro aliposamehewa. Moto ni wa namna ileile. Tofauti ni kwamba huu wa mwisho, aliyeukoka hakuukoka kwa ajili yake mwenyewe. Aliukoka kwa ajili ya waliokuwa bado majini, akawaita waje wale.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Mkituuliza kama ni halali kuyafungua meko, twawauliza nanyi: moto huo mnamkokea nani? Ikiwa ni moto wa kujiota wenyewe, tusikie vizuri na majirani waone dohani yetu inatoa moshi, basi fedha hizo zingefaa zaidi kumlipia gesi mtu aliyeshindwa kulipa. Ikiwa ni moto wa kumtoa kijana chumbani mwake, na kumteremsha bibi kutoka orofani, na kumkaribisha mgeni, basi ufungueni ukuta, na Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.

BASI TUFANYE NINI

Kwanza, wenye meko na wayatumie kwa siku maalum. Si lazima kila usiku. Moto wa wazi kila usiku ni ghali na ni moshi mwingi. Chagueni jioni moja ya juma katika Majilio haya, watu wote wa nyumba waketi, simu ziwekwe kapuni, lisomwe somo fupi la siku, na kila mtu aseme neno moja la shukrani au la haja. Watoto wapewe kazi ya kuleta kuni, na mkubwa wao azoe jivu asubuhi, likiisha kupoa kabisa. Mambo ya Walawi, sura ya 6, yalimwagiza kuhani aondoe jivu na kuweka kuni kila asubuhi, ili moto wa madhabahuni usizimike. Kazi ya jivu ilikuwa ya kuhani mwenyewe.

Pili, kabla hamjawasha, pandeni orofani. Shikeni rediata ya chumba cha aliye mnyonge kuliko wote katika nyumba. Ikiwa ni baridi, moto wenu bado haujawa halali.

Tatu, pawepo kiti kimoja cha ziada. Katika mtaa wetu wako wanafunzi walio peke yao, wako wenzetu wanaotunza wazee usiku na kulala mchana, wako waliofika juzi ambao hawajapata kuona theluji. Wengine wao hukaa katika chumba kimoja na kuzima rediata saa mbili usiku kwa kuogopa mita. Msiwaambie tu, Karibuni siku moja. Tajeni siku na saa, na mwenye gari akawachukue.

Nne, kwenu mnaokaa katika fleti ambamo hakuna dohani wala hapatakuwapo. Msijione mmepungukiwa. Ufukweni pale hapakuwa na ukuta wala paa. Meza moja, birika la chai na taa moja vyaweza kukusanya watu kama meko yalivyowakusanya wa zamani, mradi awepo mtu wa kuwaita kwa majina yao.

Mwisho, Wakristo wenzetu, tuvihamishe vidhibiti joto vya mioyo yetu. Bwana tunayemngojea katika Majilio alizaliwa mahali pasipo pa heshima, kwa kuwa waliokuwa ndani hawakuwa na nafasi. Yamkini na wao, wangeulizwa usiku ule, wangejibu kwamba nyumba ina joto.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyemwita Musa kutoka katika kijiti kilichowaka bila kuteketea: twakushukuru kwa joto la nyumba zetu, na kwa mafundi na wafagiaji ambao kwa kazi yao twalala salama. Utusamehe tulipojipima wenyewe tukadhani tumewapima wote. Utufumbue macho tumwone aliye nyuma ya ukuta na aliye katika chumba cha juu. Na Mwanao atakapokuja, atukute tumekwisha kukoka moto, na nafasi ipo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.